Mashine ya kuchuja maji (RO): lita 1 ya kunywa, lita 5 zinamwagwa, na muuzaji ananiambia "ni kawaida"

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekaa na hili jambo wiki mbili nikijizuia kuandika, leo nimeshindwa. Nina hasira, na nikimaliza kueleza mtaniambia kama sina haki ya kuwa nazo.

Hapa ninapoishi, Tabata, maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Yakija tunajaza simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara, hilo ndilo linatuvusha mpaka yarudi tena. Tuko watu sita, na tukitumia kwa adabu tenki linatufikisha siku ya tano. Ndivyo tulivyoishi miaka yote. Kuanzia Machi mwaka huu, siku ya tatu asubuhi ukifungua koki unasikia upepo tu. Nikabadilisha boya la tenki. Nikaleta fundi akakagua vyoo vyote viwili. Nikamgombeza binti anayetusaidia kazi kwamba anaacha koki wazi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hakuwa na kosa lolote na nimelazimika kumuomba radhi. Bili ikapanda kutoka uniti 12 hadi 21. Uniti moja ni lita 1,000, pigeni hesabu wenyewe.

Aliyenifumbua macho ni mama jirani anayekaanga maandazi nyuma ya ukuta wetu. Yeye hana bomba, ananunua maji kwa madumu, na siku za mgao bei anaipanga mwenye toroli. Jioni moja akanisimamisha getini: "Baba Nasra, samahani, yale maji mnayomwaga nyuma pale kila siku, naweza kuyakinga?" Nikamuuliza maji gani. Akanipeleka. Kuna kimpira cheupe, chembamba kama kalamu, kinatokeza ukutani chini ya dirisha la jikoni na kumwaga kwenye mfereji. Yanatiririka polepole, meupe, hayana harufu. Ardhi yote pale imeota majani mabichi wakati uwanja mzima umekauka. Saa ile ndani kwangu tulikuwa tunaoga kwa kopo.

Kimpira kile kinatoka kwenye mashine ya kuchuja maji, ile ya RO, niliyofungiwa mwezi Februari.

Usiku ule sikulala. Nilifunga koki zote, pampu ya mashine imezima, haichuji chochote. Nikatega ndoo ya lita 20 chini ya kimpira. Baada ya saa moja na nusu ikajaa. Mashine imelala, hakuna anayekunywa, na maji yanaondoka lita 320 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya lita 9,000.

Asubuhi nikapima ikiwa inafanya kazi. Jagi la lita moja kwenye koki ya maji safi, ndoo kwenye kimpira. Jagi lilijaa baada ya dakika sita hivi. Kwenye ndoo kulikuwa na lita tano.

Nilimpigia muuzaji. Jibu lake nalinukuu neno kwa neno: "Mzee wangu, hiyo ni kawaida, RO zote ndivyo zinavyofanya kazi." Nikamuuliza mbona hukuniambia siku unaniuzia? Akasema wateja hawaulizi.

Hapo ndipo hasira zangu zilipo. Nitaulizaje kitu ambacho sijui kipo? Wangapi humu mnazo hizi mashine na hamjawahi kuona kimpira cha pili kinaelekea wapi?

Nimetafuta fundi mwingine, mtu mzima anayejua kazi yake, akaifungua mbele yangu na kunieleza. Ndani kuna utando wenye vitundu vidogo kupita kiasi, wenyewe wanauita membreni. Maji yanasukumwa kwa presha, yaliyo safi yanapenya, chumvi inabaki upande wa pili. Ile chumvi isipooshwa inaganda na kuziba membreni, kwa hiyo lazima maji mengine yapite kuiondoa. Sawa, hilo nimelielewa na silikatai. Swali ni maji kiasi gani. Kwenye njia ya maji ya kumwaga kuna kidude cha kuyabana ili yasipite hovyo. Kidude changu kimeandikwa 800, yaani mililita zinazopita kwa dakika. Fundi akasema kwa membreni ya ukubwa niliyofungiwa kilitakiwa cha 300. Halafu kuna valvu ya umeme ambayo pampu ikizima inatakiwa ifunge maji yasiingie kabisa. Kwangu haipo. Imetolewa, mipira miwili imeunganishwa moja kwa moja. Hao waliofunga walijua wanachofanya, kwa sababu alama ya skrubu za ile valvu bado ipo kwenye kibati.

Na je, niliihitaji hii mashine? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nasikia wauzaji wa hizi mashine bado wanazunguka mitaani.

Walikuja nyumbani vijana wawili, nadhifu, wana begi. Mama watoto akawakaribisha. Wakaomba glasi mbili: moja wakatia maji yetu ya bomba, nyingine maji yao "yaliyochujwa". Wakatoa kifaa chenye vyuma vinne, wakakichomeka kwenye umeme, vyuma vikazama kwenye glasi zote mbili. Dakika moja haikupita maji yetu yakawa ya kijani, yakageuka kahawia, juu povu chafu, chini matope. Yao yakabaki meupe pe. Yule kijana akamtazama mke wangu, akasema, "Mama, hiki ndicho wanachokunywa watoto." Mke wangu alikaribia kulia. Kesho yake tukalipa.

Wakuu, ule uchafu haukuwa kwenye maji. Ni chuma! Maji yenye madini yanapitisha umeme, umeme unakula vile vyuma, na kutu inayotoka ndiyo hayo matope. Maji ya RO hayana madini ya kutosha kupitisha umeme, ndiyo maana hayabadiliki. Kijana wa jirani anayesoma kidato cha tano ndiye aliyenieleza, na tukajaribu pale pale kwa vyuma na betri ya pikipiki. Tulichukua maji safi ya RO, tukatia chumvi ya mezani kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Yakageuka matope vilevile. Watu wanatishiwa kwa kutajiwa watoto wao, kumbe ni mchezo wa vyuma.

Nikanunua kipimo cha madini kwenye maji, kile kidogo kama kalamu. Maji yetu ya bomba: miligramu 148 kwa lita. Ya kunywa kutoka kwenye RO: 9. Yanayomwagwa kwenye mfereji: 176. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye madini chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida ladha yake ni nzuri. Maana yake nimekuwa namwaga maji ambayo chumvi yake haitofautiani sana na yale yanayoingia, na kwa chumvi yanashinda visima vingi hapa Dar. Kwa wasiwasi wa vijidudu, kuchemsha kulikuwa kunatosha, kama mama zetu walivyofanya.

Msinielewe vibaya. Ndugu zangu mnaoishi kuzunguka Mlima Meru, ambako maji yana floridi hadi meno ya watoto yanakuwa ya kahawia na mifupa inapinda, RO ina kazi kwenu, tena kubwa. Na aliyechimba kisima Kigamboni akapata maji ya chumvi, nitamlaumu kwa lipi? Ila muuzaji alitakiwa apime kwanza, aseme kweli: wewe unaihitaji, wewe huihitaji.

Wenzetu wamelishughulikia. India mwaka 2019 mahakama yao ya mazingira iliiagiza serikali ipige marufuku RO pale ambapo madini hayafiki miligramu 500 kwa lita, na kwingine mashine iokoe angalau asilimia 60 ya maji. Marekani, mamlaka yao ya mazingira inakiri kwamba RO ya kawaida ya nyumbani inapoteza lita tano au zaidi kwa kila lita moja, zile mbovu hadi kumi, na ili mashine ipate WaterSense, nembo yao ya vifaa vinavyookoa maji, isizidi lita 2.3. Kwa hiyo mashine bora zinatengenezwa. Sisi tunaletewa hizi, katika jiji ambalo Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua tuliona wote foleni za ndoo zilivyokuwa.

Nataka boksi la kila mashine liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: lita moja ya kunywa inamwaga lita ngapi. Nataka fundi anayetoa valvu ya kufungia maji awajibishwe kama anayechezea mita ya umeme. Kama kuna mdau wa viwango au wa kumlinda mlaji anasoma hapa, aniambie fomu ya malalamiko inapatikana wapi, nitaijaza leo hii.

Kwa wenye RO, usiku huu zimeni mashine, fuateni kimpira cha maji machafu mpaka kinapoishia, tegeni ndoo. Leteni majibu hapa na wilaya mliyopo.

Kwangu nimefunga koki ya kuingia. Kimpira nimekirefusha hadi kwenye pipa la mama wa maandazi, nafungulia tunapochuja tu. Jumamosi saa nne asubuhi nakwenda dukani kwao na ile ndoo, na kidude chao cha 800 mfukoni. Nitaleta mrejesho.