Nani kawaambia majina ya vitabu vya Ulaya yote yanaandikwa kwa mtindo wa Kiingereza?

Wakuu, leo nina hasira. Nimetafsiri makala za fasihi ya Ulaya kwa mchapishaji mmoja, jina namhifadhi. Orodha ya marejeleo peke yake ilinila wiki mbili. Jana naletewa prufu ya mwisho, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, nakuta msahihishaji kapita na kukuza herufi ya mwanzo ya KILA neno, eti "yafanane".

Yafanane na nini?

Mhispania anaandika "La vida es sueño". Herufi kubwa moja, basi. Nyingine anaitoa penye jina la mtu au mahali, kama "La casa de Bernarda Alba". Mwitaliano vivyo hivyo: "Il nome della rosa". Kwenye prufu yangu imekuwa "Il Nome Della Rosa". Hata Mwingereza mwenyewe "of the" yake huiacha ndogo katikati ya jina la kitabu, sasa hiyo "della" imekosa nini jamani?

Kijerumani ndipo niliposhika kichwa. Kule nomino zote zina herufi kubwa, iwe jalada la kitabu au barua ya kudai kodi ya nyumba. Vivumishi hapana. Kwa hiyo ni "Die unendliche Geschichte", na ukiikuza hiyo "unendliche" Mjerumani anaona kosa la tahajia, kama mimi nikiona "nime kuja". Ila "Im Westen nichts Neues" ina N kubwa mwishoni kwa kuwa kivumishi kimegeuka nomino. Nilimwandikia msahihishaji yote haya pembeni. Hakusoma.

Wadenmark nao walikuwa wakikuza nomino hivyo hivyo, wakaacha mwaka 1948. Ndiyo maana nilikuwa naangalia hadi mwaka wa toleo!

Kifaransa kina vituko, nakubali. "Le Petit Prince" imeanza na "le", kwa hiyo nomino inakuzwa pamoja na kivumishi kilichoitangulia. "Une saison en enfer" imeanza na "une", inabaki kubwa moja tu. Na wapo Wafaransa wasiojali hayo, wanakuza neno la kwanza tu popote. Hapo tungebishana na ningemsikiliza.

Nimepiga simu. Najibiwa, "Msomaji wa hapa hatagundua." Mimi si msomaji wa hapa? Na jina litakalokaa kwenye jalada ni langu, la msahihishaji halimo.

Prufu wanaitaka Ijumaa. Aliyewahi kugoma kusaini prufu aniambie, walimfanya nini?