Kwapa linalowa kabla ya saa nne asubuhi: nipake nini?

Dirisha Namba Tatu
Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri wenye vipimo; kuoga mara mbili nafanya tayari. Kazi ni ya kuhudumia wateja dirishani hapa Mwanza mjini, sare ni shati la bluu la polista. Msimu huu wa mvua, kwa huu unyevu wa ziwa, kwapa limeshachora duara kabla ya saa nne. Roll-on napaka asubuhi nikitoka bafuni, lakini daladala ikifika Buzuruga imeshaisha kazi. Madukani zimejaa, zote zimeandikwa saa 48. Nachaguaje? Na mbona shati linanuka hata likitoka kufuliwa?

Dawa na Dozi
Mkuu, kwanza tenganisha maji na harufu, kwa sababu kila kimoja kina dawa yake. Jasho likitoka tu halinuki. Kwapani kuna tezi za aina mbili: zile za mwili mzima, zinazotoa maji na chumvi kupoza mwili, na zile zinazoamka wakati wa balehe, ambazo jasho lake ni zito kidogo, lina mafuta na protini. Bakteria wa ngozini wakilivunjavunja hilo la pili ndipo kikwapa kinapotokea. Deodoranti ya kawaida hupunguza bakteria na kuweka manukato, basi. Maji haiyazuii.

Kinachozuia maji ni chumvi za alumini. Achana na maandishi ya saa 48, geuza chupa usome nyuma: tafuta neno "antiperspirant" na kiambato kinachoanza na "aluminium", mara nyingi aluminium chlorohydrate. Kama hakipo, umenunua manukato. Angalia pia kama muhuri na tarehe ya mwisho vinasomeka vizuri. Vipodozi siku hizi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tangu 2019.

Sasa, kinachokuangusha ni muda wa kupaka. Chumvi hizo huingia kwenye tundu la jasho na kuganda humo kama kizibo. Ukipaka asubuhi, ngozi ina maji na joto la safari linaanza, jasho linazisukuma nje kabla hazijaganda, zinaishia kwenye shati. Usiku jasho hupungua. Kwa hiyo oga jioni, jifute, acha kwapa likauke kabisa, kama dakika 15 hivi au simama mbele ya feni. Pitisha roll-on mara mbili tu kila upande, isubiri ikauke ndipo uvae. Asubuhi oga na sabuni bila wasiwasi, kizibo kiko ndani ya tundu. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili kabla ya kusema imeshindwa. Watu wengi huacha siku ya tatu, na hapo ndipo hela inapopotea.

Ikishindwa kweli, uliza famasi dawa ya aluminium chloride 20%. Hiyo ni kali. Inapakwa usiku tu, inaoshwa asubuhi, na kwapa likishakauka unashuka hadi mara moja au mbili kwa wiki. Ikikutana na unyevu hutengeneza asidi, ndiyo maana wengine wanalalamika inachoma. Usiipake ndani ya saa 48 baada ya kunyoa.

Dobi wa Kirumba
Nijibu la shati. Polista hung'ang'ania mafuta ya jasho, na maji baridi na sabuni ya unga hayayatoi. Ligeuze ndani nje. Changanya siki nyeupe kikombe kimoja na maji vikombe vinne, loweka sehemu ya kwapa kwa nusu saa, suuza. Kisha baking soda vijiko vitatu vya chakula na maji kijiko kimoja, upate uji mzito. Paka, acha saa moja, sugua kwa mswaki laini, fua na maji ya vuguvugu. Usipige pasi kama harufu bado ipo, moto wa pasi unaikaza.

Na Jik msitie kwenye ile njano ya kwapani. Inaifanya iwe njano zaidi, na Jik ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, hatari kwa mapafu. Kama kazini wanaruhusu, tafuta shati la pamba. Hata mitumba ya Makoroboi huwa na lebo pembeni ya mshono, isome kabla ya kulipa.

Mama wa Igoma
Shabu je? Na ndimu? Kwetu ndizo tunazotumia.

Dawa na Dozi
Mama, shabu ni sawa kwa harufu, nayo ni chumvi ya alumini na potasiamu. Lowesha jiwe, pitisha kwenye kwapa safi, acha likauke. Kwa anayelowa kama huyu ndugu, haitoshi. Ndimu naomba iachwe kabisa: ni asidi, na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi. Magadi nayo yanachubua.

Dirisha Namba Tatu
Asanteni sana. Naanza leo usiku. Kuna dalili za kunipeleka hospitali moja kwa moja?

Dawa na Dozi
Zipo. Jasho la usiku linalolowesha shuka, pamoja na kikohozi cha wiki mbili au kukonda: nenda kapime TB kituo cha afya kilicho karibu, kipimo ni bure. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kupungua uzito huku unakula vizuri: mwambie daktari akupime tezi ya shingoni. Jasho lililoanza ghafla baada ya kuanza dawa mpya, rudi kwa aliyekuandikia, usiiache mwenyewe. Kama ni makwapa yote mawili tangu ujana na hata ile ya 20% imegonga mwamba, omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Vipo vidonge vya kupunguza jasho, lakini vinakausha mdomo na macho, havinunuliwi kiholela.