Maoni ya akina mama hayaingii kwenye bajeti ya kaunti: tunakwama wapi?

MamaWadi: Hamjambo. Sisi ni muungano wa vikundi vya akina mama katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Kila Mei tukiitwa kutoa maoni ya bajeti tunajaa ukumbini, tunaomba tangi la maji na taa za sola kwa wodi ya kujifungulia ya zahanati yetu. Tunaandikwa majina, tunapewa soda, basi. Bajeti ikitoka, hatumo. Shida ni MCA, yaani mwakilishi wetu wa wadi kwenye bunge la kaunti, au ni sisi? Na tukimwendea Mwakilishi wa Wanawake kule Nairobi, mambo yatasonga?

KaraniWaZamani: Mei mmeshachelewa, mama. ADP, yaani mpango wa maendeleo wa mwaka, hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Kufikia 28 Februari unafuata ule waraka wa mkakati wa fedha, CFSP, ambao ndio unaowekea kila idara kikomo chake. Makadirio yenyewe huwasilishwa kufikia 30 Aprili. Baada ya hapo, kanuni za fedha za kaunti za 2015 haziwaruhusu waheshimiwa kupandisha wala kushusha fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo hicho. Kwa hiyo MCA hata awapende vipi, kilichobaki ni kuchomoa pesa za mradi mwingine wa afya, na mradi huo nao una wenyewe.

Mwendeeni msimamizi wa wadi na afisa wa mipango Julai, ADP ikiwa bado inaandikwa. Januari rudini, safari hii kwa hazina ya kaunti. Na mkiweza kuonyesha ukurasa wa CIDP ya 2023–2027, mpango wa kaunti wa miaka mitano, unaotaja zahanati yenu, mtakuwa mmewafungia njia ya kusema "haiko kwenye mpango".

BajetiMashinani: Naongezea: msitegemee kusimama na kusema. Maneno ya ukumbini huishia mstari mmoja tu, "akina mama waliomba maji". Andikeni ukurasa mmoja: jina la zahanati, wadi, idara, kinachotakiwa (tangi la lita 10,000, jukwaa la zege, mifereji ya paa, bomba hadi ndani ya wodi), bei mliyopewa na maduka mawili, na jumla ya wanaojifungua hapo kwa mwezi. Jumla hiyo mwombeni msimamizi wa zahanati. Majina ya wagonjwa msiyaguse.

Tena tenganisheni ujenzi na uendeshaji. Tangi ni matumizi ya maendeleo, lakini betri za sola zikifa na koki zikivuja, hizo ni pesa za matumizi ya kawaida. Zisipoombwa, wodi itarudi gizani na tangi litabaki pambo.

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo. Na hiyo karatasi ya majina, someni kichwa chake kabla ya kutia sahihi. Orodha ya mahudhurio ndiyo hutolewa baadaye kama ushahidi kuwa umma ulishirikishwa, hata kama hamkusikilizwa.

WakiliJamii: Mwakilishi wa Wanawake ana kura katika Bunge la Kitaifa, hana katika bunge la kaunti. Mfuko wa NGAAF, ule wa kuinua makundi yaliyoachwa nyuma, unaopitia kwake ni pesa za serikali kuu. Zahanati ziko chini ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo ombi lenu liende kwa karani wa bunge la kaunti.

Ombi la Bunge la Kitaifa chini ya Ibara ya 119 liwekeni kwa mambo ya taifa, kama ile kanuni kuwa jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti; Bunge kushindwa kuitungia sheria ndiko kulimfanya Jaji Mkuu wa wakati huo, Maraga, amshauri Rais mwaka 2020 alivunje. Ombi hilo linaweza kuwa la Kiswahili. Lisiwe na maneno yaliyofutwafutwa, kichwa cha habari kirudiwe kwenye kila karatasi yenye sahihi, lieleze ni ofisi gani mliyoijaribu kwanza na kama suala liko mahakamani. Likikosa hayo linarudishwa kabla halijasomwa. Kamati ina muda uliowekwa wa kujibu.

Kitu ambacho wengi hawakijui: sheria ya fedha za umma inaunda jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, CBEF, chini ya gavana. Kuna nafasi ya mtu aliyependekezwa na mashirika ya wanawake.

MamaWadi: Ahsanteni sana. Huyo wa CBEF hatumjui kabisa. Tutampataje?

WakiliJamii: Mwandikieni katibu wa kaunti barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kiswahili kinakubalika. Ulizeni mambo mawili: nani anakalia nafasi ya wanawake, na alipendekezwa na shirika gani. Wana siku 21. Wakinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

BajetiMashinani: Na mkishaingia kwenye bajeti ya Juni msilale. Bajeti ya ziada huja katikati ya mwaka, na miradi midogo ambayo zabuni yake haijatangazwa ndiyo hukatwa kwanza. Kuanzia Oktoba ulizeni kila mwezi idara ya afya kama zabuni ya tangi imetoka.