Naomba ushauri: nataka kuanza kukimbia hapa Mbeya, na vitafunwa nitengeneze mwenyewe

Uyole Juu
Habari za humu wakuu. Nina miaka 36, kilo 84, kazi ya kukaa kwenye kiti kutwa. Nimehamia Mbeya juzijuzi kutoka Dar. Lengo langu ni kukimbia kilomita 5 bila kusimama, lakini dakika 3 tu pumzi imekata, wakati Dar nilikuwa nacheza mpira vizuri kabisa. Halafu sitaki kununua vinywaji vya kuongeza nguvu, nataka vitu vya kutengeneza nyumbani kwa bidhaa za soko la Mwanjelwa. Nile nini, saa ngapi, kiasi gani? Presha na sukari nimepima, viko sawa. Nawasilisha.

Kocha wa Mchangani
Karibu Mbeya mkuu. Hiyo pumzi isikutishe. Mji upo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar. Mwili utazoea, ila upe wiki 3 au 4. Wanaotoka pwani wanaharibu kwa sababu wanakimbia mwendo uleule waliouzoea.

Fanya hivi. Siku 3 kwa wiki, usiunganishe siku mbili mfululizo. Kila siku anza kwa kutembea haraka dakika 8. Wiki ya 1 na ya 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Wiki ya 3 na ya 4: kimbia 2, tembea 2, mara 7. Ya 5 na ya 6: kimbia 4, tembea 2, mara 5. Ya 7 na ya 8: kimbia 8, tembea 2, mara 3. Baada ya hapo jaribu dakika 20 mfululizo, kisha ongeza dakika 3 kila wiki. Wiki ikikushinda, irudie.

Mwendo upime kwa mdomo: uwe unaweza kusema sentensi nzima. Ukibaki na "ndiyo" na "hapana" tu, umezidisha. Utajiona unakimbia polepole mpaka aibu, na ndivyo inavyotakiwa. Kichomi cha ubavuni kikikubana, punguza mwendo na toa pumzi ndefu. Ila maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha hapohapo uende hospitali.

Mnyalukolo
Kocha kamaliza ya pumzi, mimi niongeze ya miguu, maana huku nyanda za juu kila barabara ni mlima au mteremko. Kinachoumiza ni kushuka kuliko kupanda. Hapa Iringa watu wanajisifu kupanda kutoka Ipogolo hadi mjini, halafu wanateremka kwa kasi na kesho yake magoti yamevimba. Kwenye mteremko piga hatua fupi za harakaharaka, usirushe mguu mbele na kutua kwa kisigino. Miezi miwili ya mwanzo tafuta sehemu tambarare, hata kiwanja cha shule.

Raba za mtumba ni sawa kabisa, ila zikague. Ziweke juu ya meza uziangalie kwa nyuma: kisigino kikiegemea upande mmoja, ziache. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, sponji imeshakufa. Ikunje: ijikunje penye vidole, ikijikunja katikati haifai. Jaribu ukiwa na soksi, jioni mguu ukiwa umetanuka, na mbele ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Usipoiacha, kucha zitakuwa nyeusi.

Ugoko ukianza kuuma kwa urefu wote wa mfupa, umeongeza haraka mno. Pumzika siku 4 au 5, utembee tu. Ukiuma sehemu moja ndogo ambayo ukiigusa unaruka, usikimbie nayo hiyo, mfupa unaweza kuwa na ufa. Kapime.

Jiko la Soweto
Tuje kwenye chakula. Kwanza nikukatishe tamaa kidogo: kwa mazoezi ya chini ya saa 1 huhitaji kula chochote njiani. Kwa kilo zako, kilomita 3 zinatumia kalori 250 hivi, na chapati moja kubwa ya mafuta inazirudisha zote.

Kabla: ndizi mbivu 1, dakika 40 kabla ya kutoka. Ukiwa na saa 2, uji wa ulezi, unga gramu 50 kwa nusu lita ya maji, sukari kidogo. Usile maharage, kande, maandazi wala parachichi. Mafuta na nyuzinyuzi vinakaa tumboni muda mrefu, na tumbo likitikisika utatafuta choo barabarani.

Vibonge vya ulezi na tende, kwa siku utakazovuka dakika 75 (huko mbele):
tende zisizo na kokwa gramu 200
unga wa ulezi gramu 100
karanga za kukaanga gramu 50, zimenywe
asali vijiko 2 vya chakula
chumvi, robo kijiko cha chai

Unga ukaange mkavu kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10, ukikoroga bila kuacha mpaka unukie. Usipokaangika vizuri, utakuwa mchungu na utakusumbua tumbo. Ukiungua ni bure, anza upya. Tende kama ni ngumu, loweka dakika 10 kwenye maji ya moto, zichuje vizuri. Twanga karanga kwenye kinu, ongeza tende, twanga tena, kisha unga, asali na chumvi. Ukimeguka ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja. Unanata mikononi? Ongeza unga. Viringisha vibonge 14, kila kimoja gramu 28 hivi, chenye wanga karibu gramu 19. Kwenye mbio ndefu unahitaji gramu 30 hadi 60 kwa saa, kwa hiyo vibonge 2 au 3, uvitafune na maji kidogokidogo.

Karanga chagua moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa, kwa sababu sumukuvu (sumu ya ukungu) haiishi kwa kukaanga.

Kinywaji: maji lita 1 yaliyochemshwa, sukari vijiko 4 vya chakula vya kusawazisha, chumvi robo kijiko cha chai, ndimu 1. Usiongeze sukari ukidhani ndiyo nguvu. Ikizidi sana, tumbo linachelewa kuyapitisha maji na linakuuma.

Baada ya mazoezi, ndani ya saa 1: viazi viwili vya kuchemsha, mayai 2, glasi ya maziwa. Kashata nazo ziweke hapo, siyo kabla.

Bonde la Usangu
Mbona wengine wanakimbia na njaa ili kitambi kiishe?

Kocha wa Mchangani
Dakika 30 za polepole asubuhi bila kula haina shida kwa mtu mzima mwenye afya. Ila kitambi hakiangalii ulikula saa ngapi, kinaangalia jumla ya siku nzima. Anayetumia dawa za sukari asijaribu bila kumuuliza daktari wake.

Mnyalukolo
Na kabla hamjauliza: togwa baada ya mazoezi ruksa. Ulanzi (pombe ya mianzi) sio kinywaji cha michezo, hata kama umetoka Iringa.

Uyole Juu
Nimecheka. Asanteni sana. Swali la mwisho: nitoke saa 11 alfajiri? Kuna giza, mbwa, na malori ya barabara ya Tunduma.

Kocha wa Mchangani
Hapana. Mwezi wa 6 jua la Mbeya linachomoza karibu saa 1 kamili, sio kama Dar. Toka saa 1, au jioni saa 11. Barabara kuu iache kabisa, ukilazimika kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, na vaa nguo ya rangi kali kwa sababu ya ukungu. Mbwa akikufuata, acha kukimbia, simama ukimtazama, kisha ondoka kwa kutembea. Kwa baridi ya Juni vaa sweta jepesi juu ya fulana na ulifunge kiunoni dakika ya 10. Jasho likikaukia mwilini kwenye upepo ule, utatetemeka njia nzima ya kurudi.

Uyole Juu
Jumanne naanza. Tende nimeshaziona Mwanjelwa, nitachukua robo kilo.

Jiko la Soweto
Robo kilo inatosha. Kokwa zikitoka utabaki na gramu 200 na ushee. Vibonge vikiwa tayari, viweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, ndani ya wiki 1 viwe vimeisha.