Rafu za chumba cha kulala, nyumba ya mawe Mkomani: nifanyeje?

Assalam alaikum. Nimerithishwa chumba katika nyumba ya marehemu bibi, Mkomani, Lamu. Ni chembamba kama vyumba vyote vya kale, maana upana wake ni urefu wa boriti za mkoko zilizobeba dari. Kabati likiingia, kitandani sifiki. Nataka rafu tatu za ukutani: nguo za mtoto, vitabu vyangu na misahafu ya bibi. Juzi fundi alitoboa kwa drili. Fisha, kile kiplastiki cha kushikia skurubu, haikushika hata kidogo, ukawa unamwagika unga mweupe tu, na sasa pana shimo linaloingia kidole gumba. Nimeumia, ukuta ule bibi akiutunza kama mwana.

Fundi seremala, Langoni
Waalaikum salaam dada. Drili basi. Hilo ni jiwe la matumbawe na chokaa, skurubu haina pa kuuma. Shimo usizibe kwa simiti: ni ngumu kuliko chokaa, itafungia unyevu na chumvi ndani, na plasta itabambuka pembeni. Rowesha, ujaze chokaa na mchanga kidogo kidogo. Rafu iwe ya miguu, isimame sakafuni. Mbao za mwembe ni rahisi ila mchwa huzipenda. Ukimudu, chukua mbambakofi. Skurubu ziwe za shaba, chuma kwa hewa yetu hakikai. Kina sentimita 30, leso iliyokunjwa yatosha. Nyuma acha nafasi ya vidole viwili, ama nguo zitaota ukungu.

Mama wa watano
Mwanangu, umegonga kuta? Vidaka, yale mashubaka ya ukutani ya kuwekea vitu, vingine vilizibwa. Sisi tulikuta kimoja, ndani mna kipande cha sahani ya kaure, ua la buluu bado linang'aa. Ila usibomoe kwa pupa. Mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, pita Makumbusho kwanza wakushauri. Misahafu iwe juu kabisa, pasiwe na kitu juu yake. Chetezo cha ubani weka mbali na nguo za mtoto.

Muulizaji
Allah awalipe. Nimegonga usiku baada ya Isha, mtoto amelala. Mkabala na mlango, kimo cha kifua, pana mlio mtupu, upana wa mikono miwili. Shimo la fundi liko shibiri moja tu pembeni yake. Kesho asubuhi naenda Makumbusho.