JavaScript: 5000 + 700 inaleta 5000700, halafu jibu linatoweka

mgeni_js: Habari za saa hizi wakuu. Naanza JavaScript. Nina fomu yenye visanduku viwili, bei na nauli, na kitufe cha kujumlisha. Nikiweka 5000 na 700 inatoka 5000700, tena jibu linaonekana kufumba na kufumbua, visanduku vinabaki vitupu. Nikiweka - badala ya + napata 4300, sahihi kabisa! Mstari wenyewe:

`let jumla = bei.value + nauli.value;`

fundi_kivinjari: Karibu mkuu. Chochote kinachotoka kwenye `.value` ni maandishi, hata kisanduku kikiwa `type="number"`. Alama ya + ina kazi mbili: ikikuta namba pande zote inajumlisha, ikikuta maandishi hata upande mmoja inaunganisha. Alama ya - ina kazi moja tu, kwa hiyo inageuza maandishi kuwa namba kimyakimya. Geuza mwenyewe kabla ya hesabu:

`let jumla = Number(bei.value) + Number(nauli.value);`

Wapo watakaokwambia utumie `parseInt`, njia nyingine ya kugeuza maandishi kuwa namba. Kwa pesa sikushauri hata kidogo. Mtu akiandika 5,000 kwenye kisanduku cha maandishi, `parseInt` inaishia kwenye mkato na kukurudishia 5, nawe hutashtuka. `Number` inarudisha `NaN` (yaani "si namba"), angalau kosa linaonekana. Kagua kwa `Number.isNaN(jumla)`, maana `jumla === NaN` ni `false` siku zote. Kisanduku kitupu nacho kinageuka 0, hicho kikague peke yake.

bi_msimbo: Kutoweka kwa jibu ni jambo jingine. Kitufe kilicho ndani ya fomu kisipoandikwa `type` huhesabiwa kuwa cha kutuma, basi ukurasa unapakiwa upya. Andika `type="button"`. Ukitaka na Enter ifanye kazi, kiache kama kilivyo, sikiliza tukio la `submit` (kutumwa kwa fomu), na mstari wa kwanza uwe `e.preventDefault();`, ambapo `e` ni tukio lenyewe; mstari huo unazuia ukurasa usipakiwe upya.

mgeni_js: Asante dada, imekubali. Sasa nimehamishia msimbo kwenye faili la hesabu.js na kuliita ndani ya `head`, sehemu ya juu ya ukurasa. Konsoli inasema: `Cannot read properties of null (reading 'addEventListener')`.

fundi_kivinjari: Kivinjari kinasoma ukurasa kutoka juu kwenda chini. Msimbo umeanza kazi kitufe hakijasomwa bado, ndipo `getElementById`, inayotafuta kitu kwa id (jina lake la utambulisho), ikarudisha `null`, yaani hakuna kitu. Andika hivi:

`<script src="hesabu.js" defer></script>`

`defer` inausubirisha msimbo hadi ukurasa wote usomwe, ila haina athari kwa msimbo wa kawaida ulioandikwa humohumo kwenye ukurasa. Ikibaki `null`, linganisha id herufi kwa herufi: `Kitufe` na `kitufe` ni vitu viwili tofauti.