Ziara ya kriketi ya India nchini Australia 2020/21: tukijumlisha fomati zote (aina zote za mechi), nani alishinda?

Ova_ya_Mwisho
Wakuu salaam. Nimemaliza kuitazama upya ile ziara nzima, kuanzia mechi ya kwanza ya ova 50 (ova moja ni mipira sita) pale Sydney, Novemba 2020, hadi jioni ya Gabba, uwanja wa Brisbane, 19 Januari 2021. Ukimuuliza yeyote nani alishinda, anakujibu "India, 2-1". Hiyo ni Testi peke yake, zile mechi za siku tano. Ova 50 Australia walichukua 2-1. T20, za ova 20, India 2-1 (tena ile ya Canberra India walicheza watu kumi na wawili badala ya kumi na mmoja, lakini tuyaache). Swali langu: kwa nini ziara ya wanaume isihesabiwe kwa kapu moja kama Ashes ya wanawake, ile ya Uingereza na Australia? Wao tangu 2013 wanajumlisha pointi za fomati zote, kombe moja. Huku kwa wanaume watu wanazunguka nchi miezi miwili wanarudi na matokeo matatu, na mawili hakuna anayeyakumbuka. Mnaonaje?

Sita_Juu
"Watu kumi na wawili"? Mkuu, umeleta mada au umeleta mashtaka? Jadeja wa India aligongwa helmeti na mpira wa Starc wa Australia ova ya mwisho, dunia nzima iliona. Sheria ya kuingiza mbadala mchezaji akipata mtikisiko wa ubongo ipo tangu 2019. Daktari anasema, refa wa mechi anaamua. Na refa siku hiyo alikuwa nani? David Boon. Mwaustralia huyo, tena wa masharubu.

MpiraMwekundu
Dunia nzima iliona na mengine. Iliona Jadeja anachechemea kabla hata ya mpira kumgusa kichwa, msuli wa paja ushamkamata. Iliona anagongwa, anasimama, daktari haingii, jamaa anaendelea kupiga hadi mikimbio (alama) 44 bila kutolewa kwa mipira 23. Mapumziko yanaisha, tunaambiwa kichwa kinamzunguka, anaingia Chahal, mrushaji wa spini (mpira wa kuzunguka), na miguu yake mipya. Wiketi 3, yaani kawatoa wapigaji watatu wa Australia, kwa mikimbio 25. Finch mfukoni, Smith mfukoni, Wade mfukoni. Mchezaji bora wa mechi, mtu ambaye hakuwa kwenye kikosi cha kuanzia! Na tofauti ilikuwa mikimbio 11 tu.

Bi_Takwimu
Mimi najibu swali lililoulizwa. Nimetumia pointi za wanawake: Testi 4, ova 50 na T20 ni 2 kila moja. India 14, Australia 10. India wameshinda ziara, kwa mapana zaidi ya mnavyodhani.

Mzee_Testi
Hesabu nzuri, binti yangu, ila inapima vitu visivyolingana. Wale vijana wa India walitolewa kwa mikimbio 36 Adelaide, idadi ndogo kuliko zote katika historia ya India. Nahodha Kohli akarudi nyumbani mkewe akajifungue. Kutoka hapo wakashinda Melbourne, wakakataa kufa Sydney wakatoka sare, wakaenda kuivunja Gabba ambako Australia walikuwa hawajapoteza Testi tangu 1988. Upande wa India, katika Testi zote nne ni Pujara na Rahane tu waliocheza bila kukosa, wengine wote ama waliachwa nje, ama waliumia, ama waliondoka. Nenda kaitazame siku ya mwisho ya Sydney. Vihari msuli umechanika, hawezi kukimbia, anasimama pale mipira 161 kwa mikimbio 23. Ashwin upande wa pili mipira 128. Hiyo kwenye kapu lako ni pointi ngapi? Mbili. Sawa na T20 moja iliyoisha kabla sijamaliza kufua.

MpiraMwekundu
Mzee wangu, ubarikiwe, umenipa ushahidi mwenyewe. Vihari msuli umechanika na hakuna aliyeingizwa kumbadili, kwa sababu msuli hauna mbadala kisheria. Kichwa kinacho. Ndiyo maana kuna watu wakiumia paja wanaumwa kichwa.

Sita_Juu
Hahaha, hiyo nimeicheka ila ni matusi kwa mtu aliyeumia. Jadeja hakucheza T20 mbili zilizobaki, hakucheza Adelaide. Mtu anayeigiza anajinyima Testi?

MpiraMwekundu
ALIKUWA NA MSULI, ndugu yangu. Ndicho ninachosema tangu nianze kuandika.

Sita_Juu
Usinipigie kelele. Na Lord's, London, 2019 ulikuwa wapi? Archer wa Uingereza kamgonga Smith wa Australia, siku ya pili yake Labuschagne kaingia, kapiga 59, kaokoa Testi. Yeye ndiye mbadala wa kwanza kabisa wa aina hiyo katika mechi za kimataifa. Hapo hatukusikia "kumi na wawili". Mkuki kwa nguruwe mtamu.

MpiraMwekundu
Mpigaji kwa mpigaji! Sheria inataka mtu wa kazi ile ile. Labuschagne ni Smith mdogo. Chahal ni Jadeja wa wapi? Mpe Chahal gongo uone.

Kono_la_Kushoto
Jamani, kazi iliyokuwa imebaki ni ipi? India walishamaliza kupiga, 161 kwa wiketi 7. Jadeja alibakiwa na ova nne za spini na kudaka mipira. Chahal karusha ova nne za spini. Kinachopimwa ni kazi iliyobaki mechini, si wasifu mzima wa mchezaji. Kama Jadeja angegongwa kabla ya kupiga, hapo MpiraMwekundu angekuwa na hoja.

MpiraMwekundu
Na Pune Januari 2025 je? Dube wa India kapiga nusu karne (mikimbio 50 na ushee), kagongwa helmeti ova ya mwisho (tena ova ya mwisho!), kaingia Harshit Rana, mrushaji kamili wa mwendo kasi, kachukua wiketi 3 za Uingereza. Buttler, nahodha wa Uingereza, alisema wazi kwamba wale hawalingani. Mara moja ni bahati. Mara mbili ni mazoea.

Sita_Juu
Umeona alivyoiruka hoja ya Kono_la_Kushoto? Ameirukia Pune. Kesho atatuletea Kombe la Dunia la 1983.

Kipa_wa_Zamani
Nilikuwa nasoma kimya, sasa niseme. Nilidaka wiketi miaka mingi, ngazi za chini, hakuna anayenijua. Siku moja mpira uligonga ukingo wa gongo ukanipata juu ya sikio. Nikasimama. Nikasema niko sawa. Nikadaka ova nne zaidi, hata nikamtoa mtu mmoja. Wenzangu wananisimulia mdako ule mpaka leo, mimi siukumbuki. Jioni nimekaa kwenye benchi nafungua pedi za miguu, naona kamba mbili za kiatu mahali pa moja, naishika ile ambayo haipo. Halafu nikatapika. Kwa hiyo mtu akiniambia "alisimama, akaendelea kupiga, basi hakuumia", mimi namwangalia tu. Kichwa hakikupi taarifa muda ule ule.

Bi_Takwimu
Pole sana, kaka.

MpiraMwekundu
Pole mkuu, kwa dhati. Lakini naomba nisigeuzwe mtu wa kudharau vichwa vya watu. Baada ya Phillip Hughes, mpigaji wa Australia, kufa 2014 kwa mpira uliogonga helmeti yake, hakuna mwenye akili anayefanya mzaha. Nilichouliza ni kwa nini daktari hakuingia uwanjani pale pale. Kama ni hatari, ni hatari muda ule.

Kipa_wa_Zamani
Mpira wa Hughes haukugonga helmeti. Uligonga shingoni, chini ya helmeti, mahali ambapo hapakuwa na kinga. Ndiyo sababu helmeti za siku hizi zina kile kipande cha nyuma. Pujara kule Gabba, Hazlewood wa Australia alimgonga hadi kipande hicho kikachomoka kikaruka, akaendelea mpaka mipira 211. Watu wakashangilia ushujaa. Mimi nilikuwa naangalia macho yake. Kuhusu daktari kutoingia Canberra, hapo nakubaliana nawe. Ilikuwa kosa.

MpiraMwekundu
Asante. Mtu mmoja.

Sita_Juu
Kosa la daktari kuchelewa halimfanyi mgonjwa kuwa mwongo. Na wewe tangu mwanzo hujasema "kosa la utaratibu", umesema "msuli". Unamwita mtu mwongo halafu unataka upewe pole.

MpiraMwekundu
Nimeomba pole wapi? Nionyeshe neno. Wewe kazi yako ni kutetea jezi ya bluu hata ikiwa imetundikwa kwenye kamba.

Mzee_Testi
Vijana, taratibu. Sheria yenyewe ilishabadilishwa 2025. Timu sasa inataja mbadala kabla ya mechi: mpigaji, kipa, mrushaji wa kasi, wa spini, na wa kazi zote. Ugomvi wenu umeshapitwa na wakati.

MpiraMwekundu
Kwa nini waibadilishe kama ilikuwa sawa? Naishia hapo.

*(Hakuishia hapo, lakini ujumbe wake uliofuata ameufuta.)*

Ova_ya_Mwisho
Jamani, mada. Bi_Takwimu, nimerudia hesabu yako, umesahau droo ya Sydney. Wanawake wakitoka sare kwenye Testi kila upande unapata 2. Kwa hiyo ni 16 kwa 12.

Bi_Takwimu
Kweli kabisa, samahani. Lakini nilipoirekebisha nimeona kitu kingine. Hebu simama asubuhi ya Testi ya Brisbane kabla ya mpira wa kwanza. India: ova 50 pointi 2, T20 pointi 4, Melbourne 4, sare 2. Jumla 12. Australia: ova 50 pointi 4, T20 pointi 2, Adelaide 4, sare 2. Jumla 12. Sare tupu. Gabba ingekuwa fainali ya ziara yote, siyo ya Testi peke yake. Mzee anasema kapu linaua utamu wa Testi, mimi naona lingeuongeza.

Sasa shikeni hili. Mikimbio 11 ya Canberra ikienda upande wa pili, Australia wanaingia Brisbane 14 kwa 10. Pant anapiga zile 89 zake, India wanafukuzia 328 na kuzifikia, na ziara inaisha 14 kwa 14.

Mzee_Testi
Yaani yale yote, 36 za Adelaide, Vihari na mguu wake, Siraj aliyefiwa na baba akabaki Australia akachukua wiketi tano Gabba, yakae kwenye mizani moja na kichwa cha Jadeja usiku mmoja wa Canberra? Ndiyo maana nasema Testi ihesabiwe peke yake.

MpiraMwekundu
Hatimaye! Mnaona sasa kwa nini nilikomaa na Canberra?

Sita_Juu
Tunaona, na tunaona pia kwamba kwa 14-14 kombe linabaki kwa aliyekuwa nalo. Nani alikuwa nalo tangu ziara ya 2018/19? India. Wanawake 2023 walimaliza 8-8 na Australia wakabaki na Ashes yao, hukulalamika.

MpiraMwekundu
Kubaki nalo siyo kushinda.

Sita_Juu
Mwambie Healy, nahodha wao wa 2023.

Ova_ya_Mwisho
Nilisema Canberra tuyaache.

MpiraMwekundu
Uliyaandika kwenye mabano, mkuu, ukidhani mabano hatusomi.